Vipimo vya afya vya kuhamia ng'ambo: mwongozo kwa anayetoka Mombasa

Kwenye vipimo vya afya vya viza, tarehe huangusha watu kuliko maradhi. Huyu anapimwa mapema mno, cheti kinaisha muda na viza haijatoka. Yule anangoja hadi wiki ya mwisho, picha ya kifua inaonyesha kivuli kidogo, na kivuli hicho kinamla miezi miwili. Kwa anayeishi Pwani kuna la ziada: baadhi ya yanayotafutwa kwenye vipimo hivi, kama kichocho na matende, ni maradhi ya kwetu, na mengi yanamalizika hapa hapa kwa gharama ndogo ikiwa utaanza mapema. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, kwa kuwa mpangilio ndio kazi yenyewe.

1. Jua anayetakiwa kukupima

Hospitali yoyote ya Mombasa inaweza kukupiga picha ya kifua na kukutoa damu, lakini ubalozi hautayatambua majibu hayo. Marekani, Uingereza, Kanada na Australia hukubali tu vipimo vya daktari au kliniki waliyoiidhinisha wenyewe, na orodha iko kwenye tovuti ya ubalozi au ya idara ya uhamiaji ya nchi hiyo. Kwa mtu wa Pwani maana yake ni safari ya Nairobi. Kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, iliyoko Nairobi ndiyo inayopima wanaohamia Marekani na ndiyo inayotoa cheti cha TB cha Uingereza. Kwa Kanada na Australia, IOM ni mojawapo ya walio kwenye orodha.

Anayekwenda kufanya kazi Saudia au nchi nyingine za Ghuba hupitia mfumo wa Wafid, ambao wengi bado wanauita kwa jina lake la zamani, GAMCA. Miadi huwekwa kwenye tovuti ya Wafid kwa namba ya pasipoti: unajaza nchi unayotoka, mji, nchi unayokwenda na aina ya viza, unalipia, kisha unatolewa karatasi yenye jina la kituo. Soma orodha ya miji siku hiyo hiyo unayojaza, maana vituo huingia na kutoka. Wakala akikwambia twende kwa daktari fulani kwanza, karatasi itafuata, simama hapo. Bila miadi ya Wafid, pesa utakazolipa hazitakufikisha popote. Wakala mwenyewe pia mhakiki kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, kabla ya kumkabidhi pasipoti.

2. Jua utapimwa nini

Marekani, kwa viza ya kuhamia, ndiyo yenye mambo mengi. Daktari huchukua historia ya afya, hukukagua mwili, huangalia ukoma na hali ya akili, na hukagua chanjo. Wa miaka 15 na zaidi hupigwa picha ya kifua. Watoto wa miaka 2 hadi 14 hutolewa damu ya kipimo cha IGRA, kinachoonyesha kama mwili umewahi kukutana na vimelea vya TB. Kipimo hiki hakidanganywi na chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu mkononi, tofauti na sindano ya ngozi ya zamani iliyokuwa ikiwapa watoto wetu majibu ya uongo. Kaswende hupimwa kwa wa miaka 18 hadi 44, kisonono kwa wa 18 hadi 24. Virusi vya HIV viliondolewa kwenye vikwazo vya Marekani tarehe 4 Januari 2010, kwa hiyo anayetumia ARV asiache dawa wala asizifiche. Aende na barua ya kliniki yake.

Uingereza inataka TB peke yake, na ni kwa atakayekaa zaidi ya miezi 6. Mtoto chini ya miaka 11 kwa kawaida hapigwi picha, lakini lazima aonwe na daktari na awe na cheti chake mwenyewe. Cheti cha mama hakimfuniki mtoto.

Kanada hupima mkojo kuanzia miaka 5, picha ya kifua kuanzia 11, na damu kwa HIV na kaswende kuanzia 15. Australia hupiga picha kuanzia 11 na HIV kuanzia 15. Nchi hizi mbili huangalia pia gharama: ugonjwa unaohitaji matibabu ghali unaweza kuzuia viza hata kama hauambukizi. Kwa Kanada, mume, mke au watoto wanaodhaminiwa na jamaa aliye huko, pamoja na wakimbizi, wamesamehewa kipimo hicho cha gharama. Wengi hawalijui hili na hukata tamaa bure.

Ghuba tutaizungumzia peke yake chini, maana sheria zake ni kali na za namna nyingine.

3. Panga tarehe kwa kurudi nyuma

Chukua kalenda. Cheti cha Marekani hudumu miezi 6, na kwa baadhi ya wenye dalili za TB miezi 3. Cha Uingereza ni miezi 6. Vya Kanada na Australia kwa kawaida ni miezi 12.

Kwa Marekani kuna mtego: viza ya kuhamia huandikwa iishe pamoja na vipimo. Ukipimwa miezi minne kabla ya usaili, viza ikitoka itakuwa na miezi miwili tu ya kusafiri, na ndani ya miezi hiyo uuze vitu, uage watu na ununue tiketi. Barua ya usaili ndiyo ishara. Ikifika, weka miadi ya vipimo mara moja, ukiacha wiki tatu au nne kabla ya usaili.

Waliochaguliwa kwenye bahati nasibu ya grin kadi wana ukuta mwingine. Mwaka wa viza hizo hufungwa tarehe 30 Septemba na hausongezwi. Mtu mwenye usaili wa mwezi wa nane akitakiwa kutoa makohozi, majibu ya kuotesha vimelea vya TB maabara, yanayochukua hadi wiki nane, yanaweza kuja baada ya mlango kufungwa. Kama namba yako ni kubwa na una historia ya kifua, zungumza na kliniki mapema kuhusu tarehe.

4. Maliza ya nyumbani kwanza, miezi miwili au mitatu kabla

Hapa ndipo pesa kidogo huokoa nyingi.

Kichocho. Aliyekulia Kwale, Kilifi au Tana River, akaogelea mabwawani au kuchota maji ya kidimbwi, anaweza kuwa na kichocho cha mkojo asijue. Nenda zahanati ukapimwe. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri unaweza kusema huna kitu na kumbe unacho. Tembea kwa haraka au panda ngazi kidogo kabla ya kukojoa, na uhakikishe matone ya mwisho yameingia kwenye chupa. Dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa mkupuo mmoja baada ya kula. Mayai yaliyokwisha kufa huendelea kutoka kwa wiki kadhaa baada ya dawa, na mtu wa maabara akiyaona ataandika kichocho. Ndiyo sababu ya kumeza miezi miwili kabla na kurudia kipimo baada ya wiki sita. Kumeza siku mbili kabla ya safari hakusaidii.

Minyoo. Albendazoli miligramu 400 mara moja, wiki mbili au tatu kabla. Mjamzito amuone daktari kwanza.

Matende. Ghuba hutafuta vimelea vyake kwenye damu. Vimelea hivi hujitokeza kwenye damu ya juu usiku, kati ya saa nne na saa nane za usiku, basi kipimo cha mchana hospitalini hakitoshi kukupa amani. Kama una uvimbe wa mguu au busha, muone daktari mapema na uulize kipimo cha antijeni, ambacho hakijali saa.

Kifua. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, ukatoka jasho usiku au ukapungua mwili, nenda hospitali ya serikali, Makadara au iliyo karibu nawe, uombe kipimo cha makohozi cha GeneXpert. Kipimo na matibabu ya TB katika vituo vya serikali ni bure. Usinunue dawa za kikohozi kiholela kwenye duka la dawa. Antibayotiki kama siprofloksasini na levofloksasini huwapunguza vimelea vya TB bila kuwamaliza, vipimo vinapotoka havieleweki, na ugonjwa unarudi ukiwa sugu.

Presha na sukari. Pima hapa. Kama zimepanda, anza dawa na uwe na barua inayotaja jina la dawa, kipimo na tangu lini. Presha iliyodhibitiwa si tatizo kwa nchi nyingi. Iliyokutwa juu siku hiyo hiyo hukuletea barua ya kwenda kwa daktari bingwa, na siku zinapotea.

Muguka, miraa na bangi. Daktari wa Marekani atauliza. Viini vya miraa na muguka vimo kwenye orodha ya dawa zilizodhibitiwa huko, na bangi bado imekatazwa na sheria ya taifa hata kwenye majimbo yanayoiuza madukani. Akikuta uraibu, viza huzuiwa mpaka upite mwaka mzima bila matumizi. Kudanganya ni kubaya zaidi: uongo ukigundulika unaweza kufunga mlango wa Marekani maisha. Kinachofaa ni kuacha mapema.

5. Chanjo, na kile kitabu cha kliniki

Kwa Marekani tafuta kitabu cha kliniki cha kila mtoto, na chochote ulicho nacho wewe mtu mzima. Kisipopatikana, rudi kwenye kituo ulikochanjwa uombe nakala yenye muhuri. Kumbukumbu ya mama kwamba "alichanjwa zote" haihesabiki.

Hata kitabu kilichojaa hakitoshi, na hili huwashangaza wazazi. Mpango wa chanjo wa Kenya humpa mtoto chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na miezi 18. Marekani inataka surua, rubela na matumbwitumbwi pamoja. Matumbwitumbwi hayamo kwenye sindano ya kwetu, tetekuwanga vilevile haimo kwenye ratiba, kwa hiyo tarajia mtoto kuchomwa tena. Watu wazima mara nyingi hukosa pepopunda ya karibuni, homa ya ini B na hizo mbili za juu.

Chanjo hai, yaani surua na wenzake na tetekuwanga, hutolewa siku moja au zikipishana zipishane wiki nne. Ukichomwa moja Mombasa leo na kufika Nairobi baada ya siku kumi, utaambiwa ungoje. Ama zichome zote mapema ukaandikiwa tarehe na namba ya chupa, au waachie kliniki. Mjamzito hachomwi chanjo hai na daktari humwandikia msamaha. Ya homa ya ini B ina dozi tatu kwa mwezi 0, 1 na 6, lakini huhitaji kuzimaliza kabla ya viza. Ile inayostahili kwa siku hiyo inatosha.

Homa ya manjano ni habari nyingine. Haimo kwenye vipimo vya uhamiaji wa Marekani, bali nchi unayopitia au unayofikia inaweza kuitaka. Ofisi ya afya ya bandari hapa Mombasa huchanja na kutoa cheti cha manjano. Cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha. Usikubali kuchomwa upya kwa kuwa kilitolewa zamani.

6. Karatasi na safari

Beba pasipoti halisi, barua ya miadi ya ubalozi, picha za pasipoti, vitabu vya chanjo, miwani yako, orodha ya dawa, na majibu yoyote ya zamani ya kifua pamoja na filamu zenyewe. Kwa Kanada na Australia beba barua yenye namba ya utambulisho ya vipimo. Bila namba hiyo majibu hayajui faili la kuingia. Jina kwenye kila karatasi liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Aliyeolewa akabadilisha jina kwenye kitambulisho bila kubadilisha pasipoti alitengeneze hilo kwanza kwenye ofisi ya uhamiaji pale Uhuru na Kazi.

Uliza bei kwa kliniki yenyewe na njia ya kulipa, na udai risiti.

Kama miadi ni ya asubuhi, usishuke basi la usiku kutoka Mwembe Tayari ukaenda moja kwa moja kliniki. Kukesha hupandisha presha, na kukaa bila maji njia nzima huharibu mkojo. Panda treni ya Miritini siku moja kabla, fika Syokimau, lala. Na ulale kwa mtu atakayeweza kukuhifadhi siku nne zaidi, jamaa yako wa South C au Eastleigh, kwa sababu itakayoelezwa punde.

7. Siku yenyewe

Kula kama kawaida isipokuwa umeambiwa ufunge. Kunywa maji ya kutosha, acha kahawa tungu siku hiyo, na meza dawa zako za kila siku. Mwezi wa Ramadhani unapimwa bila shida ukiwa umefunga, ila mkojo wa mtu aliyekosa maji huwa mzito na unaweza kuonyesha protini isiyokuwa ya ugonjwa. Ikiwezekana chukua miadi ya asubuhi au ya baada ya Idi.

Mwanamke asiweke miadi akiwa hedhini. Damu kidogo kwenye mkojo huleta amri ya kurudia kipimo. Wiki moja baada ya kumaliza ni salama.

Kwenye picha ya kifua vua mkufu, shanga, sidiria yenye chuma, pini za mtandio na hirizi. Nywele za kusuka zinazoning'inia zifungwe juu, maana msuko ukilala begani huonekana kama kivuli kwenye pafu. Utavaa gauni la kliniki. Unaweza kuomba mhudumu wa kike, na ni haki yako kuwa na mtu wa pili chumbani wakati wa kukaguliwa.

Mjamzito aseme kabla ya kuingia. Kwa Marekani anaweza kupigwa akiwa amefunikwa tumbo kwa ngao ya madini ya risasi inayozuia miale, akiridhia, au kuahirisha. Kwa Uingereza anaweza pia kuchagua kipimo cha makohozi kwa malipo ya ziada, au kungoja ajifungue.

8. Ukiambiwa utoe makohozi

Usiogope na usianze kupiga simu kutafuta mtu wa kusaidia. Kovu la TB ya miaka mingi iliyopita, au nimonia ya zamani, linatosha kuletea agizo hili. Utatoa makohozi mara tatu kwa asubuhi tatu zinazofuatana, mbele ya mhudumu. Ndizo zile siku za South C.

Fika bila kula na bila kupiga mswaki, sukutua kwa maji matupu, vuta pumzi ndefu mara mbili au tatu na ukohoe kutoka chini kabisa. Mate meupe mepesi hayafai, na kikopo cha mate ndicho sababu ya kawaida ya kuitwa tena. Yasipotoka, kuna mvuke wa maji ya chumvi wa kukusaidia.

Maabara hutazama kwa darubini, kisha huotesha. Kuotesha huchukua hadi wiki nane kwa sababu vimelea vya TB hukua polepole, na hakuna fedha inayoviharakisha. Rudi Mombasa, usiuze kitu, usikate tiketi. Majibu yakiwa safi, faili linaendelea. Yakiwa na TB, matibabu ni ya takriban miezi sita, ukimeza mbele ya mhudumu kila dozi. Kwa Marekani matibabu hayo yawe chini ya mpango unaotambuliwa na kliniki iliyokupima. Ukijitibu kwingine bila kuwaambia, utaanza upya.

Ghuba: fiti au anfiti

Wafid hupima HIV, homa ya ini B na C, kaswende, malaria, vimelea vya matende, mkojo, choo, picha ya kifua, macho, presha, na mimba kwa wanawake. Jibu ni moja kati ya mawili, fiti (unafaa) au anfiti (hufai), na linaonekana mtandaoni kwa namba ya pasipoti, kwa hiyo huhitaji kumngoja wakala akusomee.

HIV, homa ya ini B au C, ukoma na TB hukufungia njia. Kovu la TB iliyopona, ambalo kwa Marekani au Uingereza lingekupeleka kwenye makohozi tu, Ghuba mara nyingi linatosha kukuandikia anfiti. Kwa hiyo kabla ya kumlipa wakala shilingi ya kwanza, jipime mwenyewe Mombasa: homa ya ini B na C, HIV, picha ya kifua. Gharama yake ni ndogo kuliko ya deni la wakala.

Homa ya ini B ina soko lake la utapeli. Hakuna sindano wala dawa ya kienyeji ya kuiondoa kwenye damu kwa wiki mbili, na anayekuuzia jibu safi anakuuzia safari ya kurudi, maana Saudia na wenzake hupima tena mfanyakazi akishafika, na huko anfiti maana yake ni kurudishwa nyumbani.

Yenye tiba, kama minyoo, kichocho, malaria au kaswende, hutibiwa na kupimwa tena. Uliza kituo chenyewe utaratibu wa kurudia kabla ya kuweka miadi mpya, usije ukalipa mara mbili.

Baada ya majibu

Kwa Kanada na Australia majibu hutumwa na kliniki moja kwa moja kwenye mfumo wa uhamiaji, na wewe unabaki na karatasi ya uthibitisho tu. Cheti cha Uingereza unapewa mkononi: kisome ukiwa bado kaunta, jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti, kwa sababu kosa la herufi moja ni safari nyingine ya Nairobi. Kwa Marekani, ukikabidhiwa bahasha iliyofungwa, usiifungue hata kama jina lako ndilo lililo juu yake. Na ukipewa CD ya picha ya kifua, iwe kwenye mkoba wa mkononi siku ya kusafiri, kwani idara ya afya ya kule unakofikia inaweza kuitaka.